Kinywa kikavu, macho makavu, tumbo linasumbua: ni seliaki, ni Sjögren, au yote mawili?

Kuna wagonjwa wa aina mbili wanaozunguka kliniki muda mrefu bila jibu. Wa kwanza ana seliaki. Ameacha ngano na tumbo limetulia, ila bado hawezi kumeza muhogo mkavu bila kusukumia maji, na macho yanamkwaruza kutwa. Wa pili ana Sjögren. Matone ya macho anayo na chupa ya maji haimtoki mkononi, lakini damu haipandi, uzito unashuka na choo ni laini miezi nenda miezi rudi. Wote wawili huambiwa kuwa kila dalili mpya ni ya ugonjwa ule ule ulioandikwa kwenye faili, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Katika seliaki, kinga ya mwili hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba kila gluteni inapopita. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Katika Sjögren, ugonjwa uliopewa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza katika tasnifu yake ya 1933, kinga hushambulia tezi za mate na machozi, na kwa wengine hufika kwenye maungio, figo, neva na mapafu. Kukutana kwa magonjwa haya ndani ya mtu mmoja si bahati mbaya tu. Jeni za HLA-DQ2 zinazomweka mtu katika hatari ya seliaki mara nyingi hurithiwa pamoja na HLA-DR3, inayoonekana sana kwa wenye Sjögren. Seliaki humpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, lakini tafiti ndogo za Hungaria na Ufini ziliikuta kwa asilimia 4.5 hadi karibu 15 ya wagonjwa wa Sjögren. Wala usikubali kuambiwa kuwa ni ugonjwa wa Wazungu: miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa, zaidi ya asilimia 5, ni cha watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi.

Kuacha gluteni huponya utumbo, lakini hakurudishi tezi iliyokwisha haribika. Kwa sababu hiyo kila dalili itafutiwe chanzo chake hata kama mgonjwa tayari ana jina la ugonjwa.

Usiache ngano kabla ya kupimwa

Kipimo cha kwanza ni cha damu: tTG-IgA, kingamwili ya aina ya IgA inayopanda kwenye seliaki, pamoja na IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo. Hiyo ya pili husahaulika mara nyingi. Upungufu wa IgA huonekana zaidi kwa wenye seliaki kuliko kwa watu wengine, na mtu asiye na IgA ya kutosha atapata tTG-IgA "hasi" huku utumbo wake ukiendelea kuharibika. IgA ikiwa chini, omba kipimo cha aina ya IgG: DGP-IgG au tTG-IgG.

Kingamwili hizi hushuka gluteni ikiondolewa. Aliyeacha chapati miezi kadhaa kwa ushauri wa jirani anaweza kupata jibu zuri lisilo la kweli. Inabidi arudie kula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6, kabla ya damu na endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi utumboni. Kwa mtu mzima, vipande 2 hadi 4 vya mkate wa kawaida kwa siku vinatosha. Asiyeweza kabisa kuurudia apimwe jeni za HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Zisipokuwepo, seliaki karibu inaondolewa kwenye orodha. Zikiwepo, bado hazithibitishi kitu, kwa kuwa watu wengi wenye jeni hizo hawapati ugonjwa kamwe.

Mtego wa pili uko upande wa Sjögren. Ugonjwa huu huchochea mwili kutengeneza kingamwili nyingi, na tTG iliyopanda kidogo tu inaweza kuonekana kwa watu wenye magonjwa mengine ya kinga au ya ini bila seliaki kuwepo. Jibu la namna hiyo lithibitishwe kwa EMA, kipimo kingine cha kingamwili za seliaki, na kwa vipande vya duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba: angalau 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni na 1 au 2 kutoka mwanzo wa duodeni, kwa sababu uharibifu huwa na mabaka. Kipande kimoja kinaweza kuangukia mahali pazima. Kwetu Afrika Mashariki vipande peke yake navyo havitoshi. Giadia, VVU, kifua kikuu cha tumbo na hata dawa ya presha iitwayo olmesatani vinaweza kuzifanya vilusi za utumbo, yaani vinyweleo vinavyofyonza chakula, ziwe bapa. Damu na vipande visomwe pamoja.

Kinywa kimekauka

Anza na mfuko wa dawa. Amitriptilini, klofeniramini, promethazini, oksibutinini ya kibofu na hiosini ya tumbo zote hukausha mate. Hiosini inastahili kuulizwa kwa makini, kwa maana mwenye seliaki ambaye hajagundulika huwa amepewa dawa hiyo mara nyingi kwa ajili ya "gesi na msokoto". Kisha pima sukari, VVU na homa ya ini C, na uliza kama alipata mionzi ya kichwa au shingo. VVU na homa ya ini C huweza kuleta ukavu na uvimbe wa tezi unaofanana kabisa na Sjögren, na mtu asiandikiwe Sjögren kabla ya kupimwa hayo mawili.

Mate yanaweza kupimwa bila mashine. Kwa saa 1 kabla, usile, usinywe, usivute sigara, usipige mswaki. Kaa wima, inamisha kichwa kidogo, meza mate yaliyopo, kisha acha yanayofuata yadondoke kwenye kikombe kwa dakika 15 bila kutafuna wala kunyonya chochote. Vuta kilichopatikana kwa bomba la sindano la mL 5 lisilo na sindano. Mililita 1.5 au chini ya hapo kwa dakika 15 ni kidogo kweli. Ikifika mL 4 au 5, tezi zinafanya kazi, na hisia ya ukavu au kuwaka itafutiwe sababu nyingine.

Mate yakiwa machache na dawa hazihusiki, omba anti-SSA, kingamwili ya Sjögren ambayo pia huitwa anti-Ro. Katika vigezo vya kimataifa vya 2016, anti-SSA ina alama 3, kipande cha tezi ndogo za mdomo wa chini chenye mkusanyiko wa kutosha wa limfosaiti (seli za kinga) kina alama 3, na vipimo vya mate na vya macho vina alama 1 kila kimoja. Sjögren huanzia alama 4. Ina maana mwenye anti-SSA na mate machache amefika, na hahitaji kukatwa mdomo. Asiye na anti-SSA hawezi kufika bila kipande hicho, na kumrudisha nyumbani kwa sababu "damu haina kitu" ni kumwonea.

Meno yaangaliwe siku hiyo hiyo, maana mahali yalipoharibika panasema mengi. Seliaki iliyoanza utotoni huacha alama kwenye enameli: mistari, mabaka au vishimo kwenye meno ya kudumu, vikiwa sawa kulia na kushoto. Ukosefu wa mate huozesha jino kwenye shingo yake, pale linapokutana na ufizi, na kwenye ncha za meno ya mbele, sehemu ambazo kwa kawaida haziozi. Mwenye alama zote mbili apimwe magonjwa yote mawili.

Matunzo yenyewe: dawa ya meno yenye floraidi ppm 1,450 mara mbili kwa siku, uteme bila kusuuza. Meno yakiwa yameanza kuoza, daktari wa meno anaweza kuandika ya ppm 5,000. Maji yanywewe kidogo kidogo. Soda, juisi ya ukwaju, ndimu na ubuyu wa peremende huleta mate kweli, lakini asidi na sukari vinakutana na meno yasiyo na kinga. Chingamu isiyo na sukari ni salama zaidi. Pilokapini mg 5, mara 3 hadi 4 kwa siku, husaidia ikiwa tezi bado zina uhai. Haifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa au presha ya macho ya pembe nyembamba, na jasho jingi ndilo linalowafanya wengi waiache.

Chakula kinahitaji akili ya pekee, kwa kuwa mikate isiyo na gluteni ni mikavu na hupukutika, na mtu asiye na mate hukwama nayo kooni. Hapa vyakula vyetu vina nguvu kuliko vya dukani: ugali wa mahindi au mtama kwa mlenda au bamia, mtori, wali kwa mchuzi wa nazi, uji wa ulezi, viazi vilivyopondwa. Mlenda unateleza wenyewe na kuvuta tonge.

Vidonge pia hukwama. Kidonge cha chuma, doksisaiklini au cha mifupa aina ya alendroneti kikigandia kwenye umio mkavu huuchoma hadi kidonda. Kimeze ukiwa wima, kwa bilauri nzima ya maji, na usilale kwa dakika 30.

Ulimi unawaka, pembe za mdomo zimepasuka

Ulimi laini, mwekundu, uliopoteza vipele vyake vidogo una maelezo mawili, na mara nyingi yote ni ya kweli kwa pamoja. La kwanza ni upungufu wa chuma, B12 au foliki kutokana na utumbo usiofyonza. La pili ni fangasi walioshamiri kwa kukosa mate. Kwa wenye Sjögren fangasi hawa huwa wekundu tu, bila utando mweupe, kwa hiyo hupitwa.

Pima ferritini (akiba ya chuma mwilini), B12 na foliki, na papo hapo tibu fangasi. Chunguza kibandiko cha nistatini ya maji, kwani nyingi zimetiwa sukari, na mtu anayeisukutua mara 4 kwa siku kwenye kinywa kisicho na mate anaharibu meno. Meno bandia yavuliwe usiku na kusafishwa, la sivyo fangasi watarudi. Vidonda vidogo vyeupe vyenye mduara mwekundu vinavyokuja na kuondoka huelekea zaidi kwenye seliaki, na wengi huona vinapungua gluteni ikiondoka.

Macho yanakwaruza

Uliza kwanza: unaona vipi jioni? Asiyeona vizuri gizani, mwenye weupe mkavu kama povu kwenye jicho, anaweza kuwa na upungufu wa vitamini A uliotokana na utumbo kushindwa kufyonza mafuta. Huyo anahitaji vitamini A chini ya uangalizi wa daktari, tena haraka, na matone peke yake yatampotezea muda. Mjamzito asimeze vitamini A ya kiwango kikubwa kwa kujiamulia, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Anayeona vizuri usiku apimwe kwa Schirmer: karatasi nyembamba ya mm 5 kwa 35 inayowekwa ndani ya kope la chini kwa dakika 5. Ikilowa mm 5 au chini ya hapo, machozi ni machache. Ikilowa vizuri na macho bado yanawaka, angalia kingo za kope. Tezi za mafuta zilizoziba hufanya machozi yakauke mapema, na tiba yake ni kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10 kila siku.

Kwa machozi bandia, ukitumia zaidi ya mara 4 kwa siku chagua yasiyo na kihifadhi. Benzalkoniamu, inayowekwa kwenye chupa nyingi, huchubua uso wa jicho, na mgonjwa hudhani ugonjwa umezidi kumbe ni dawa. Matone ya kuondoa wekundu na ya steroidi yasitumiwe bila daktari wa macho.

Damu haipandi

Chuma hufyonzwa hasa kwenye duodeni, pale pale seliaki inapoharibu zaidi. Ndiyo maana vidonge vilivyomezwa kwa uaminifu wiki 4 bila hemoglobini kupanda hata g/dL 1 ni dalili yenyewe. Kwanza hakikisha havimezwi na chai, na kwamba choo kimepimwa safura. Kisha omba tTG-IgA, hata kama tumbo haliumi.

Kwa mwenye Sjögren, ferritini hudanganya. Uvimbe wa mwili huipandisha, kwa hiyo iliyo chini ya 30 ni upungufu bila ubishi, na ya kati ya 30 na 100 bado inaweza kuwa upungufu, hasa transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, ikiwa imejaa chuma chini ya asilimia 20. ESR, kipimo cha damu cha uvimbe wa mwili, ikiwa juu isikutishe wala isikuridhishe. Katika Sjögren hupanda kwa sababu ya wingi wa kingamwili za IgG, huku CRP, kipimo kingine cha uvimbe, ikiwa ya kawaida.

Uchovu ukibaki damu ikishapanda, pima TSH, homoni inayoonyesha hali ya thairoidi. Ugonjwa wa tezi ya thairoidi huambatana na seliaki na Sjögren pia. Mtu anayehitaji dozi kubwa isiyo ya kawaida ya levothairoksini huenda haifyonzi, na chuma kikimezwa pamoja nayo kinaizuia. Zitenganishwe kwa saa 4. Mwili ukiwasha bila upele na kimeng'enya cha ini cha ALP kikiwa juu, omba kipimo cha kingamwili cha AMA, kwa sababu ugonjwa wa kinga unaoshambulia mifereji ya nyongo hupenda kuandamana na wote wawili.

Gluteni imeachwa, kuharisha kumebaki

Sababu ya kwanza kwa wingi ni gluteni inayoingia bila kujulikana. Kipimo cha kimataifa cha chakula "kisicho na gluteni" ni kisichozidi mg 20 kwa kilo, na wagonjwa wengi hawavumilii zaidi ya takriban mg 10 kwa siku. Hicho ni kiasi cha makombo. Mahali pa kutazama ni hapa:

- Mashine ya kusaga. Mahindi, mtama na ulezi havina gluteni, lakini mashine iliyotoka kusaga ngano huviachia unga wake. Nunua nafaka nzima, peta, na kilo 2 au 3 za kwanza zinazotoka zisiwe zako. Mashine isiyogusa ngano kabisa ni bora kuliko ujanja wowote.
- Unga wa lishe na wa uji uliochanganywa. Mwingi una ngano. Tengeneza mchanganyiko wako mwenyewe.
- Urojo, ambao hufanywa mzito kwa unga wa ngano. Bokoboko, ambalo ni ngano yenyewe, na ndugu yake harisi wa Omani na Ghuba. Bajia na vitumbua vilivyoongezwa ngano ili vishikane.
- Mafuta ya kukaangia. Chipsi au muhogo uliokaangwa kwenye karai la mandazi si salama.
- Bia ya shayiri, vinywaji vya malti, sosi ya soya, soseji.
- Hostia. Kanisa Katoliki linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, au kukomunika kwa divai peke yake. Iwe kikombe ambacho hakijatumbukizwa hostia ya ngano.

Kama haya yote ni safi na tTG inashuka, tazama maziwa. Utumbo ulioharibika hupoteza uwezo wa kuvunja laktosi, sukari ya maziwa. Acha maziwa ya maji kwa wiki 2 uone. Mtindi huvumilika zaidi. Ukiendelea kuhara maji matupu hata usiku, mwombe daktari vipande vya utumbo mpana, ambao kwa macho huonekana mzima. Uvimbe unaoonekana kwa darubini tu huwapata wenye seliaki kuliko watu wengine, na hutibika. Choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, hupeleka macho kwenye kongosho: elastasi, kimeng'enya cha kongosho, ipimwe kwenye choo.

Subira nayo ina kipimo chake. tTG huanza kushuka ndani ya miezi michache na wengi hufika kawaida kati ya miezi 6 na 24. Vilusi za mtu mzima huweza kuchukua miaka 2 au zaidi. tTG isiyoshuka kabisa baada ya mwaka ni gluteni mpaka ithibitike vinginevyo.

Miguu imelegea ghafla

Pima potasiamu siku hiyo hiyo. Kuharisha huipoteza kupitia choo. Sjögren inaweza kuipoteza kupitia mkojo, pale figo zinaposhindwa kutoa asidi. Tofauti iko kwenye maabara: mkojo wenye pH zaidi ya 5.5 huku damu ikiwa na asidi, pamoja na potasiamu nyingi kwenye mkojo, huonyesha figo. Potasiamu kidogo kwenye mkojo huonyesha tumbo. Aliyewahi kupata mawe ya figo mara kwa mara huelekea upande wa figo. Kulegea kunakopanda au moyo kwenda mrama ni dharura ya hospitali.

Ganzi na kuchoma kwa nyayo bila kulegea huweza kutoka kwa ugonjwa wowote kati ya hii miwili. B12 na shaba zipimwe kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazorekebishika.

Mashavu yamevimba

Uvimbe wa pande zote mbili unaokuja na kwenda huitwa "matumbwitumbwi" tena na tena, lakini mtu mzima hapati matumbwitumbwi mara nne. Tafuta Sjögren, VVU na homa ya ini C. Tezi moja iliyo ngumu, inayokua, isiyorudi chini kwa wiki kadhaa, hasa ikiambatana na madoa mekundu yaliyoinuka miguuni, C4 (protini ya kinga kwenye damu) ya chini, homa au kupungua uzito, ipelekwe kwa mtaalamu bila kungoja. Sjögren huongeza hatari ya limfoma, saratani ya seli za kinga, kwenye tezi. Seliaki nayo ina limfoma yake ya utumbo, ambayo ni nadra, na ishara yake ni maumivu, kukonda na kuharisha kurudi kwa mtu aliyekuwa amepona huku akifuata chakula vizuri.

Unapanga mimba

Seliaki isiyotibiwa huongeza uwezekano wa mimba kuharibika na wa mtoto mwenye uzito mdogo, hivyo tTG, chuma na foliki virekebishwe kwanza. Mwanamke mwenye anti-SSA, hata asiye na ukavu wowote, awaambie kliniki ya wajawazito mapema. Kingamwili hiyo hupita kwenye kondo na kwa takriban mimba 1 hadi 2 kati ya 100 huzuia umeme wa moyo wa mtoto. Moyo wa mtoto husikilizwa na kupimwa kwa altrasaundi ya moyo kati ya wiki 16 na 26. Haidroksiklorokwini, isiyozidi mg 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hupunguza hatari hiyo na huendelea kutumiwa wakati wa mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo anahitaji ufuatiliaji wa karibu zaidi, kwa sababu mimba inayofuata ina hatari kubwa kuliko ya kwanza.